Demokrasia Hailiwi? Bei ya Unga, Shaba ya Zambia na Kura ya Mwaka 1991



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri nje ya sakristia. Nilikuwa nimehubiri juu ya wajibu wa Mkristo katika uchaguzi, nami nilidhani nimehubiri vizuri. Mzee akaniambia: "Baba Paroko, maneno yako ni mazuri, lakini demokrasia hailiwi. Tulipokuwa na chama kimoja tulikula. Sasa tuna vyama kumi na kitu, na bei ya kila kitu inapangwa na watu wa Ulaya tusiowajua." Nilimwomba anipe juma moja nimjibu kwa maandishi, kwa sababu hoja yake si ya kujibiwa ukiwa umesimama mlangoni. (Kuhusu kula wakati wa chama kimoja, nadhani mzee wangu amezisahau foleni za sukari na sabuni za mwaka 1983. Tuyaache hayo kwanza.)

Katika maneno yake yamo mambo mawili tofauti. La kwanza ni kwamba mtu mwenye njaa hana haja na kura. La pili ni kwamba kura haina nguvu pale bei na mikataba inapoamuliwa mbali. Watu wengi huyachanganya haya mawili, wakadhani ni neno moja. Mimi nimeona nimjibu kwa historia ya majirani zetu wa Zambia. Parokia yetu iko kando ya barabara iendayo Tunduma, na malori ya shaba hupita mbele ya kanisa usiku na mchana yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Shaba hiyo ndiyo kiini cha habari yenyewe.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na utajiri ambao sisi hatukuwa nao. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni zilitoka katika shaba. Mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya migodi, na katika miji ya Ukanda wa Shaba, yaani Kitwe, Ndola, Mufulira, Luanshya na Chingola, mgodi ukawa mama na baba. Uliwapa watu nyumba, maji, hospitali, shule, hata vilabu vya kina mama vya kushona. Mwishoni mwa mwaka 1972 nchi iliingia katika mfumo wa chama kimoja, chama cha UNIP. Kulikuwa na manung'uniko, ila sahani zilikuwa na chakula.

Lakini bei ya shaba haikupangwa Lusaka wala Kitwe. Ilipangwa katika soko la metali la London, na imeendelea kupangwa huko. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda kwa kasi duniani, na kufikia mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Nchi iliyokuwa inauza kitu kimoja na kununua karibu vyote ikajikuta mikono mitupu. Ikakopa, ikitumaini kwamba bei itarudi. Haikurudi upesi, na deni likazaa deni.

Papa Paulo VI alikuwa ameliona jambo hili kabla halijatokea. Katika waraka wake Populorum Progressio, wa tarehe 26 Machi 1967, alieleza kwamba mataifa maskini huuza mazao ghafi ambayo bei yake hupanda na kushuka bila onyo, na kwamba biashara huria peke yake haiwezi kuitwa ya haki pale wanaopatana hawana nguvu sawa. Waraka huo tuliusoma seminarini kama somo la maadili. Ulistahili kusomwa pia kama somo la uchumi.

Hapo ndipo unga unapoingia. Wazambia hula nshima kama sisi tulavyo ugali, na serikali ya Kaunda ilikuwa inatoa ruzuku ili unga uwe wa bei nafuu mjini. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipoombwa mkopo lilitaka ruzuku hiyo ipunguzwe. Desemba 1986 bei ya sembe ilipandishwa kwa asilimia 120. Dona ilikusudiwa kubaki katika bei yake ya zamani, lakini wenye vinu, wakihofu kwamba serikali haitawalipa fidia, waliacha kuisaga, nayo ikatoweka madukani. Ghasia zikalipuka katika Ukanda wa Shaba na watu wakafa. Kaunda akairudisha ruzuku, na tarehe 1 Mei 1987 akatangaza kuachana na masharti ya Shirika, akisema Zambia italipa madeni kwa kiasi kisichozidi asilimia 10 ya mapato ya mauzo yake ya nje. Ilikuwa kauli ya kishujaa, na ilidumu muda usiofika miaka miwili na nusu. Wafadhili walifunga mifereji, na mwaka 1989 Kaunda alikuwa amerudi mezani.

Juni 1990 bei ya unga ilipanda tena, safari hii zaidi ya mara mbili kwa siku moja. Lusaka iliwaka moto. Wanafunzi wa Chuo Kikuu na watu wa mitaa ya maskini waliingia barabarani pamoja, na zaidi ya watu 20 waliuawa. Siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Juni, luteni mmoja wa jeshi, Mwamba Luchembe, alitangaza redioni kwamba jeshi limechukua nchi. Halikuwa kweli, na jaribio lenyewe lilizimwa baada ya saa chache tu. Lakini kwa saa hizo watu walimiminika barabarani wakishangilia. Kaunda aliyesikia vigelegele hivyo alijua jambo moja ambalo washauri wake hawakuwahi kumwambia.

Sasa tuangalie watu hao waliokuwa na njaa walidai nini. Mzee wangu angetarajia wadai unga tu. La hasha. Julai 1990 wanasheria, wafanyabiashara, wasomi na viongozi wa wafanyakazi walikutana katika hoteli moja ya Lusaka, na kutoka hapo likazaliwa vuguvugu la vyama vingi, MMD. Mbele yao alisimama Frederick Chiluba, mwenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambaye Kaunda alikuwa amemweka kizuizini mwaka 1981. Mwezi huo huo maaskofu Wakatoliki wa Zambia walitoa waraka wa kichungaji uliohusu uchumi, siasa na haki, vyote vitatu kwa pamoja. Hawakukubali kulitenga suala la bei ya unga na suala la nani ana haki ya kuamua. Watu walikuwa wameshaelewa kwamba wamepandishiwa bei bila kuulizwa, na kule kutoulizwa kuliwauma pamoja na bei yenyewe.

Kaunda aliahidi kura ya maoni, kisha akaifuta na kukubali katiba ibadilishwe Desemba 1990. Mwaka uliofuata, pande mbili ziliposhindwa kusikilizana juu ya katiba mpya, makanisa ndiyo yaliyowakutanisha Kaunda na Chiluba, Julai 1991, katika kanisa kuu la Waanglikana la Lusaka. Uchaguzi ulifanyika tarehe 31 Oktoba 1991. Chiluba alipata kura takribani asilimia 76 na chama chake viti 125 kati ya 150. Kaunda, baada ya miaka 27 madarakani, alikubali matokeo na kuondoka kwa amani. Kwa hilo peke yake anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa na wengi.

Itafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1991, hapa Tanzania, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuwa inazunguka nchi nzima ikiwauliza wananchi maoni yao. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 hivi walitaka vyama vingi. Na sisi tulikuwa tumepitia masharti yale yale ya Shirika la Fedha tangu mwaka 1986. Basi uchumi mmoja, majibu mawili. Wanaodai kwamba soko la dunia likigusa nchi watu lazima waielekee demokrasia, au lazima waikimbie, wanahitaji kuueleza mpaka wa Tunduma. Kwa maoni yangu, tofauti ilikuwa kwamba Watanzania wengi bado waliamini kuwa wakubwa wao wanawasikiliza, hata kama mfukoni hamna kitu, ilhali Wazambia wa mijini walikuwa wameacha kuamini hivyo. Tume yenyewe, kama tujuavyo, ilipendekeza vyama vingi kwa kuwajali wale wachache, na sheria ikapita mwaka 1992.

Turudi Lusaka. Kiongozi wa wafanyakazi aliyeingia Ikulu kwa hasira ya bei ya unga ndiye aliyeondoa ruzuku ya unga moja kwa moja. Tena aliiondoa bila ghasia. Watu walimwamini kiasi cha kumpa mwili wao afanyiwe upasuaji. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya ubinafsishaji, na zaidi ya mashirika 200 ya umma yakauzwa au kufungwa. Mipaka ilifunguliwa kwa bidhaa za nje kwa kasi ambayo hata nchi tajiri hazikujifanyia zenyewe. Viwanda vya nguo vya Kafue na Livingstone vilishindwa kushindana na mitumba, ambayo kule huitwa salaula, neno la Kibemba la kupekuapekua rundo ili kuchagua. Shirika la ndege lilifungwa mwaka 1994. Mfumuko wa bei mwaka 1993 ulizidi asilimia 100. Wajesuiti wa Lusaka, katika kituo chao cha tafakari ya kiteolojia, walianza kupima kila mwezi gharama ya kapu la mahitaji ya familia moja: unga, maharage, mafuta, dagaa, mkaa, sabuni. Kisha walizilinganisha na mshahara wa mwalimu au muuguzi. Mwezi baada ya mwezi kapu lilikuwa zito kuliko mshahara. Nawashauri mapadre wenzangu waiige kazi hii. Inafundisha kuliko mahubiri mengi.

(Tarehe 29 Desemba 1991 Chiluba alikuwa pia ameitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo, bila kuwauliza maaskofu. Nimewahi kuulizwa kama hilo lilikuwa jambo jema. Nchi haibatizwi kwa tangazo la televisheni, na wafanyakazi waliopunguzwa kazini hawakuona tofauti.)

Migodi ndiyo iliyouzwa mwisho, kati ya mwaka 1997 na 2000, wakati bei ya shaba ilipokuwa chini kabisa na wafadhili walipokuwa wameishika nchi shingoni. Hapa naomba msomaji avumilie, maana ndipo jibu langu kwa mzee lilipo. Mikataba ya mauzo ilikuwa ya siri. Mrabaha wa serikali uliwekwa asilimia 0.6, na wawekezaji waliahidiwa kwamba masharti ya kodi hayatabadilishwa kwa miaka kati ya 15 na 20. Maana yake ni kwamba vijana waliokuwa darasa la kwanza siku ile wangekua, wangejiandikisha na kupiga kura, na kura yao isingeweza kugusa jambo kubwa kuliko yote katika uchumi wa nchi yao. Mgodi wa Luanshya uliouzwa mwaka 1997 ulifilisika mwaka 2000, ukaacha wachimbaji bila mafao. Kampuni ya Anglo American, iliyochukua migodi mikubwa ya Konkola na Nchanga mwaka 2000, ilitangaza mwaka 2002 kwamba inaondoka. Kisha bei ikafufuka. Tani moja ya shaba, iliyouzwa kwa takribani dola 1,500 mwaka 2002, ilipita dola 8,000 mwaka 2006. Malori yalipita hapa kwetu mfululizo. Fedha hazikupita Kitwe.

Kwa mantiki ya "demokrasia hailiwi", Wazambia wa mwaka 2001 walipaswa kuwa wameichoka kura. Walikuwa maskini kuliko walivyokuwa mwaka 1991. Wengi walikuwa wamepoteza kazi ambazo baba zao walizifanya maisha yote. Basi mwaka huo Chiluba akataka kuibadili katiba ili agombee muhula wa tatu.

Februari 2001 Baraza la Maaskofu Katoliki, Baraza la Kikristo, umoja wa makanisa ya kiinjili, chama cha wanasheria na mtandao wa mashirika ya wanawake walikutana katika mgahawa wa Oasis mjini Lusaka, wakaunda Jukwaa lililochukua jina la mgahawa huo. Watu walivaa utepe wa kijani. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni wenye magari walipiga honi, na wasio na magari walipuliza filimbi. Mkutano mkuu wa MMD ulimbadilishia Chiluba katiba ya chama. Makumi ya wabunge wa chama chake, pamoja na Makamu wake wa Rais, wakamkatalia ya nchi. Tarehe 4 Mei 2001 alitangaza kwamba hatagombea.

Hakuna mfadhili aliyewalipa watu ili wapige filimbi, na unga haukushuka bei kwa sababu ya utepe wa kijani. Watafiti wa Afrobarometer, walioanza kuuliza Waafrika maoni yao mwaka 1999, waliwakuta Wazambia walio wengi wakisema wanapendelea demokrasia kuliko serikali ya aina nyingine, hata pale ambapo hawakuridhika na namna ilivyokuwa inaendeshwa. Wale watu walijua kutofautisha kitu na mtumiaji wake. Jembe lisipolima vizuri, mkulima humtazama aliyelishika kabla ya kulitupa.

Kwa hiyo neno la kwanza la mzee wangu nalikataa. La pili siwezi kulikataa, na hapa ndipo ninapomwomba radhi kwa kumjibu kwa haraka moyoni mwangu siku ile. Desemba 2002 Bunge la Zambia lilipitisha hoja ya kuitaka serikali isiuze benki ya taifa ya biashara. Wananchi walikuwa wameandamana kuipinga biashara hiyo. Shirika la Fedha likaonya kwamba nchi ikikataa kuuza inaweza kupoteza msamaha wa madeni wa takribani dola bilioni 1. Bunge lililochaguliwa na watu likasema hapana, na ofisi isiyochaguliwa na mtu yeyote nchini ikasema basi mtalipa. Msamaha ulipatikana mwaka 2005, baada ya kampeni ndefu ambayo Kanisa lilishiriki tangu Jubilei ya mwaka 2000, na mwaka 2007 asilimia 49 ya benki iliuzwa kwa benki ya Uholanzi. Sitaki kusema kwamba benki hiyo ilikuwa ikiendeshwa vizuri na serikali. Swali langu ni jingine: mwananchi anayetazama hayo anajifunza nini juu ya kura yake?

Wengine walijifunza hasira. Mwaka 2005 kiwanda cha baruti cha Wachina kililipuka Chambishi na kuua zaidi ya watu 40, na mwaka uliofuata Michael Sata alivuna kura nyingi za Lusaka na Ukanda wa Shaba kwa kuwashambulia wawekezaji wa kigeni. Alishindwa mwaka huo, akashinda mwaka 2011. Mwaka 2008 serikali ya Rais Mwanawasa ilijaribu kuivunja ile mikataba na kutoza kodi ya faida ya ziada. Bei ya shaba ilipoanguka mwishoni mwa mwaka, makampuni yalishinikiza, na mwaka 2009 mrithi wake, Rais Banda, aliiondoa kodi hiyo. Kisha ikaja mikopo mipya, ya hati fungani za mwaka 2012, 2014 na 2015, na Novemba 2020 Zambia ikashindwa kulipa riba. Agosti 2021, miezi miwili baada ya Kaunda kufariki, walipanga foleni tena na kumwondoa rais aliyekuwa madarakani, Edgar Lungu. Wakamchagua Hakainde Hichilema, ambaye mwaka 2017 alikuwa amekaa gerezani miezi minne kwa shtaka la uhaini. Mwaka 2022 Shirika la Fedha liliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.3 kwa serikali hiyo mpya. Mageuzi yaliyofuatana nao yaligusa, kwa mara nyingine, ruzuku.

Waisraeli jangwani waliyakumbuka masufuria ya nyama ya Misri, na sisi wahubiri huwalaumu haraka mno. Walikuwa na njaa kweli, na Mungu hakuwakemea kwa kuwa na njaa, aliwapa mana. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa Mei 1991, miezi sita kabla ya uchaguzi wa Zambia, aliisifu demokrasia kwa sababu huwapa wananchi nafasi ya kuwachagua wanaowatawala, kuwataka maelezo na kuwaondoa kwa amani. Wazambia wamewaondoa kwa amani mara tatu: 1991, 2011 na 2021. Kuwataka maelezo wale wa London, wa Washington na wa mikataba ya siri, hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna sanduku la kura lililokwisha kutengenezwa.

Jana jioni nilimsomea mzee haya kabla ya kuyatuma. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja: "Hiyo mikataba ya migodi, Baba, aliisaini nani?"

Nikamjibu ilisainiwa na serikali iliyochaguliwa mwaka 1996 kwa kura zaidi ya asilimia 70, katika uchaguzi ambao Kaunda alikuwa amezuiwa kugombea.

"Waliisoma kabla ya kuisaini?"

Hilo sikuwa na jibu lake.